Shahada ya muziki inalipa wapi?

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana mmoja kutoka Tabora. Amemaliza kidato cha sita, amepata nafasi ya kusomea shahada ya muziki, na nyumbani hapakaliki. Baba yake amesema hatauza hata kuku mmoja ili mtoto aende "kusomea ngoma". Kijana anataka nimwambie kama shahada hii inalipa. Najua wengi mnaonisoma mna swali hilohilo, maana sote tunataka kuishi kwa muziki bila kuomba nauli, kwa hiyo nalijibu hapa kwa urefu.

Kauli hiyo ya "kusomea ngoma" naijua. Baba yangu mdogo aliitamka kwenye kikao cha ukoo, mbele ya watu walewale waliokuwa wakiimba kila Jumapili kwa kinanda changu. Nilianza kupiga kanisani nikiwa bado shule ya msingi. Mwalimu wa kwaya alinifundisha solfa (do, re, mi) kwanza, nota za kwenye mistari zikafuata. Harusi za ukoo ule nilizipigia mimi, misiba pia, na sikuwahi kudai senti. Ilipofika siku ya kuchangia ada yangu, watu wakaangalia chini. Binamu yangu aliyekuwa anakwenda kusomea sheria akachangiwa palepale, na mimi nikiwa nimekaa. Leo nina familia yangu, na bado nikikikumbuka kikao kile kifua kinabana.

Nikaenda hivyohivyo, kwa mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na bumu, zile fedha za kujikimu chuoni. Miaka ya chuo naiacha.

Nilipohitimu nilihamia Dar es Salaam kupiga laivu kwenye hoteli na kumbi za sherehe. Huko kote hakuna aliyewahi kuniuliza cheti. Kiongozi wa bendi anataka kujua kama una nyimbo za zamani kichwani, kama mwimbaji akipandisha sauti ghafla utamfuata, na kama una njia ya kurudi nyumbani saa nane usiku. Basi. Mpiga solo wetu aliishia kidato cha pili na tulikuwa tunalipwa sawa. Ilikuwa haki yake, kwa sababu gitaa lake lilikuwa linajaza ukumbi kuliko kinanda changu. Wala si jambo geni nchini kwetu. Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajab, Bi Kidude: hakuna kati yao aliyeingia jukwaani kwa shahada ya muziki.

Mwezi mzuri ulinipa kama 400,000. Mwezi mbaya sitaki kuutaja. Hoteli moja ya ufukweni ilitupigisha msimu mzima wa sikukuu, kisha meneja akaondoka, na aliyekuja akasema makubaliano yetu hayatambui. Fedha ile sijaiona mpaka leo. Na wakati nadai hotelini, nilikuwa nadaiwa kwingine: enzi hizo mkopo wa elimu ya juu ulikuwa na tozo ya 6% kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, ile iliyofutwa mwaka 2021. Kwa hiyo kila mwaka niliomaliza jukwaani bila kulipa, deni liliongezeka.

Kisha nikasikia kuwa shule moja binafsi inayofuata mtaala wa kimataifa inatafuta mwalimu wa muziki. Sharti la kwanza lilikuwa shahada. La pili, awe anasoma nota na anaweza kuandaa wanafunzi kwa mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza yenye gredi 8 kwa kila ala. Kwenye mitihani hiyo mwanafunzi hafanyi gredi ya 6 ya vitendo mpaka kwanza awe ameonyesha kuwa anaijua nadharia, na kwa kawaida hiyo ni gredi ya 5 ya nadharia. Hapo ndipo wapigaji wengi hodari wanapokwama, maana vidole vinajua na karatasi hawaijui.

Siku ya usaili nilimkuta mtu ninayemfahamu kutoka jukwaani. Kwa kinanda ananizidi, nasema wazi. Hakuitwa ndani, kwa sababu bahasha yake haikuwa na cheti. Mimi nikawekewa ukurasa wa nota nisioujua, nikaambiwa piga. Nikapiga. Wakaniletea watoto, wakasema fundisha. Nikafundisha.

Mshahara wa msingi ulikuwa 1,400,000. HESLB inakata 15% ya mshahara wa msingi, yaani 210,000 kila mwezi, na juu yake kuna kodi na mfuko wa jamii. Baada ya makato yote bado nilibaki na zaidi ya mara mbili ya ule mwezi mzuri wa hotelini, tena kwa tarehe inayojulikana. Jioni nikaanza kufundisha majumbani. Jumamosi nikawa nawaandikia nota watunzi wa kwaya wenye nyimbo nzuri kichwani lakini hawajui kuziweka kwenye karatasi. Leo nina nyumba Kibaha na piano yangu ndani. Mtoto wa yule baba mdogo anakuja kujifunza kwangu, na analipa ada kamili kama wanafunzi wengine.

Kwa hiyo nawaambieni: shahada ya muziki inalipa pale ambapo anayekulipa anakitaka cheti. Kwingine kote unalipwa kwa mikono yako, sauti yako na watu unaojuana nao. Kabla hujakubali deni, jiulize unataka kulipwa na nani.

Ukitaka jukwaa, deni la miaka mitatu halina kazi. Nenda TaSUBa pale Bagamoyo, chuo kinachofundisha sanaa tangu 1981, ukasome stashahada. Kama moyo wako uko kwenye taarab, kuna DCMA, chuo cha muziki pale Zanzibar, unakaa na udi, ganuni na fidla mbele ya watu wanaozijua. Wanamuziki wa Siti and the Band, bendi ya Zanzibar, walikutania pale. Au tafuta mwalimu mmoja mzuri, umlipe, ufanye mazoezi.

Ukitaka kufundisha, soma shahada, lakini uwe macho unapochagua kozi. Serikalini mwalimu mwenye shahada huanzia ngazi ya mshahara ya TGTS D, ila wanamtaka mwalimu. Shahada ya muziki peke yake, bila elimu ndani yake, inakulazimu kuongeza Stashahada ya Uzamili ya Elimu, na huo ni muda mwingine na ada nyingine. Ukipata kozi inayochanganya muziki na elimu, ichukue hiyo. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2024 una mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, na sanaa bunifu imo. Shule zitataka watu. Na jifunze nota! Nitalirudia hili mpaka mchoke kunisoma.

Wazazi nao nina neno kwao. Acheni kutumia vipaji vya watoto wenu kwenye sherehe zenu halafu mkaviita upuuzi siku ya ada. Kama kijana anawapigia kinanda bure miaka yote hiyo, mnadaiwa angalau kumsikiliza hesabu zake. Mtoto anayenyamazishwa kikaoni anaendelea kuumia hata akishafanikiwa, na fedha haiondoi maumivu hayo.

Sasa wewe mdogo wangu wa Tabora. Usibishane na mzee kuhusu kipaji, hilo anaona halina mwisho. Mpelekee karatasi yenye ada ya kila mwaka, kiasi utakachopata HESLB na kiasi kitakachobaki mikononi mwake. Pigia simu shule binafsi kadhaa za Mwanza, Arusha na Dar, uulize wanamtaka mwalimu wa muziki mwenye sifa gani na wanaanzia mshahara gani, uandike majibu. Kisha tafuta wahitimu wa muziki wa Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uwaulize wanafanya kazi gani sasa. Nitumie tarakimu hizo nizipitie kabla hujathibitisha udahili, na kama mzee atakubali, nipe namba yake nimpigie mwenyewe.