Anthurium yangu inakauka pembeni

SWALI: Shikamoo dada, nipo Tabora mjini, nina anthurium, ua la kwenye kopo, ile ya majani mazito yenye mishipa myeupe, tangu kiangazi kianze majani yanakauka pembeni na mi namwagilia kila siku, nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole. Hayo maji ya kila siku ndo yanauozesha mmea wako! Kwao ni Chiapas, Meksiko, unaota kwenye miamba ya chokaa, kwahiyo mizizi inataka hewa. Uchomoe taratibu, mizizi iliyolainika kama mlenda kata, migumu acha, uupande upya kwenye vipande vya mkaa, magome na udongo kidogo. Mwagilia kidole kikikuta pakavu. Chini weka sahani ya kokoto na maji, kopo lisiguse maji, maana hewa ya Tabora saa hizi kavu mno.