Barua kwa mwanangu: Dorset hesabu vilima, usihesabu maili

Mwanangu,

Waalaikumu salaam. Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza mambo matatu kwa pumzi moja: mtembee wapi katika siku tatu mtakazokuwa huku Dorset, pwani ya kusini ya Uingereza, mwishoni mwa Mei, kama mnaweza kutoka Lulworth hadi hapa Weymouth kwa miguu kwa siku moja kwa kuwa "ni maili 11 tu, Baba", na kama mavyaako ataweza kufuatana nanyi na goti lake lile. Nianze na hilo la katikati, maana ndilo lililonishtua.

Maili 11 za huku si maili 11 za kando ya mfereji pale kwenu Manchester. Njia ya pwani inayopita hapa, South West Coast Path, inaanzia Minehead, inazunguka Devon na Cornwall, na kuishia South Haven Point kwenye mlango wa bandari ya Poole. Ni maili 630, zaidi ya kilomita 1,000. Lakini ukijumlisha miinuko yake yote unapata kama mita 35,000, yaani karibu Kilimanjaro mara sita kuanzia usawa wa bahari. Magharibi ya Lulworth ardhi ni chaki tupu, yaani mawe meupe laini ya chokaa. Chaki hunyonya maji, kwa hiyo mabonde yake hayana mito. Yalichongwa zama za barafu, ardhi ilipoganda na maji ya theluji yakakosa pa kupenya. Njia haizunguki mabonde hayo. Inateremka hadi chini, halafu inapanda upande wa pili wima kama ngazi ya mnazi. Ukifika juu unaliona bonde jingine.

Kwa hiyo jibu ni kwamba wewe na mumeo mnaweza, ila mtafika Weymouth hamna miguu, na siku ya pili mtalala. Msifanye hivyo. Ukifungua ramani usitazame umbali peke yake. Tazama ile mistari ya rangi ya kahawia inayoonyesha kimo cha ardhi: ikibanana, jua kuna kilima. Nunua ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la ramani la huku, ile ya Explorer OL15 inayohusu Purbeck na kusini mwa Dorset, kwani simu huku hupoteza mtandao mara tu unaposhuka bondeni. Njia za miguu za umma zimechorwa kwa vistari vya kijani.

Na hilo la njia za umma ndilo ninalowavulia kofia Waingereza. Njia inaweza kukata katikati ya shamba la mtu, pembeni ya zizi lake, na mwenye shamba hana ruhusa ya kukuzuia madhali hujatoka nje ya njia. Mshale wa manjano ni wa watembea kwa miguu, wa buluu unawaruhusu na wapanda farasi na baiskeli. Kwenye njia ya pwani utaona alama ya tunda la mwaloni. Kila geti ulilolikuta limefungwa lifunge nyuma yako. Mkiwakuta ng'ombe wana ndama, wapitieni mbali, msikate katikati ya mama na mtoto wake. Wewe ulikulia mjini, unadhani ng'ombe wote ni wapole.

Sasa Durdle Door, maana najua mumeo ameshaiweka kichwani. Ni tao la mawe ya chokaa lililotobolewa na mawimbi, na picha hazidanganyi, ni zuri kweli. Lakini siku za jua watu hujaa pale hata huoni mchanga. Nendeni asubuhi na mapema kutoka Lulworth Cove. Njia imejengwa kwa mawe, kama maili moja, na inapanda tangu hatua ya kwanza. Mkifika kwenye tao msigeuze hapohapo kama wafanyavyo wengi. Pandeni kilima kinachofuata, Swyre Head, mtazame nyuma: tao lote, na nyuma yake ghuba baada ya ghuba. Kilima hicho kimoja kitamfundisha mumeo maana ya maili 11. Rudini. Na mwambie asithubutu kupanda juu ya lile tao ajirushe majini. Mei 2020 watu waliruka wakaumia vibaya, helikopta zikaja kuwabeba.

Mavyaako msimpeleke huko. Kwake ninayo mahali pazuri zaidi, na kusema kweli napapenda kuliko Durdle Door: Old Harry Rocks, upande wa mashariki, pale Studland. Kutoka kijijini hadi ukingoni ni kama maili moja, njia pana, karibu tambarare yote. Mwisho wake ardhi inakatika ghafla na nguzo nyeupe za chaki zimesimama baharini. Iliyo mbali zaidi baharini ndiyo Harry. Alikuwa na mkewe pembeni, nguzo nyingine, lakini mke akaanguka mwaka 1896 na amebaki kisiki. Siku ya mwanga mtaona ng'ambo ya bahari mawe meupe ya Needles, kisiwa cha Wight; ni chaki ileile, zamani ulikuwa mlima mmoja kabla bahari haijaukata. Hakuna uzio ukingoni, kwa hiyo mshikeni mkono Bi Mkubwa, na asiyezoea asisogee kupiga picha. Kutoka hapo mimi nitarudi naye Studland taratibu, nyie vijana mpande Ballard Down na kuteremkia Swanage. Tutakutana ufukweni tule samaki na chipsi. Kama hamna gari, basi namba 50 la kutoka Bournemouth linapita Studland, na kabla ya hapo hupakiwa kwenye kivuko cha minyororo pale Sandbanks. Mavyaako atapenda hicho kivuko kuliko miamba.

Akiwa na nguvu siku ya pili, ipo Tyneham. Ni kijiji kilichohamishwa chote Desemba 1943 ili jeshi lipate uwanja wa kufanyia mazoezi ya vita. Wenyewe walibandika karatasi mlangoni mwa kanisa wakiomba nyumba zao zitunzwe, maana wangerudi siku moja. Hawakurudishwa hadi leo. Kuta za nyumba zipo hazina mapaa, shule na kanisa vimehifadhiwa. Kutoka kijijini hadi ufuko wa Worbarrow ni mwendo mfupi kwenye njia ya gari, goti halitalalamika. Ila eneo bado ni la jeshi. Hufunguliwa wikendi nyingi na siku za mapumziko, na siku ya mizinga hakuna kuingia. Ndani mnafuata vigingi vya manjano, na chuma chochote mkikiona majanini msikiguse.

Wewe umesema unataka visukuku, yale mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Hivyo viko magharibi, Charmouth na Lyme Regis. Pwani yote hii, kutoka karibu na Exmouth hadi hapo kwa Old Harry, maili 95, iliingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2001 kwa sababu mawe yake yamebeba historia ya miaka milioni 185, ya kale yakiwa magharibi na ya karibuni mashariki. Lyme ndiko alikozaliwa Mary Anning mwaka 1799, binti wa fundi seremala, aliyeokota visukuku na kuviuza kwa wageni ili familia ile. Akiwa na miaka 12 hivi, yeye na kaka yake walifukua mifupa ya mjusi wa baharini, ikthiosauri, na 1823 akapata mjusi mwingine wa baharini, plesiosauri, mzima. Wanaume wasomi walinunua, wakaandika, wakasifiwa. Yeye chama chao cha jiolojia hakikumpokea. Wanawake walikubaliwa humo 1919, yeye yuko kaburini tangu 1847. Mwaka 2022 ndipo aliposimamishiwa sanamu mjini kwake, yuko na mbwa wake.

Usichukue nyundo kuchokonoa majabali. Yale ni udongo laini, huanguka bila kubisha hodi. Aprili 2021 kipande kikubwa mno kiliporomoka kati ya Seatown na Eype, kikafunika ufuko. Visukuku vizuri vimelala mchangani, mawimbi yameshavitoa. Tembea karibu na maji, mbali na jabali, macho chini, tafuta mviringo wa amonaiti, gamba la mnyama wa kale wa baharini lililojikunja kama la konokono. Na hapa ndipo usinifanye nikose usingizi: mtembee maji yakiwa yanakupwa, si yanapojaa. Kati ya Charmouth na Lyme bahari ikijaa hugonga jabali lenyewe, na mtu hubanwa hana pa kupanda. Mkwe wangu ni mtoto wa Tanga, bamvua anaijua tangu kuzaliwa. Mweleze kwamba mwezi mchanga na mwezi mpevu huku nako huleta bamvua, halafu muangalie jedwali la maji kabla ya kutoka.

Karibu na hapo kuna Golden Cap, mita 191, kilele kirefu kuliko vyote kwenye pwani ya kusini ya Uingereza. Kukipanda kutoka Seatown ni kuanzia baharini kabisa, jasho lote ni lako. Mimi huanzia maegesho ya Langdon Hill, sehemu kubwa ya kimo gari limeshaipanda. Msitu wa hapo una njia ya kuzunguka ambayo haina mwinuko wa maana, mavyaako ataizunguka wakati nyie mko kileleni. Mngekuja mwanzoni mwa Mei mngeyakuta yale maua ya buluu yamefunika ardhi yote ya msituni. Mwishoni mwa mwezi yatakuwa yanaisha.

Chesil Beach itazameni tu. Kokoto maili 18, kutoka West Bay hadi Portland. Kila hatua mguu unazama, maili moja ni adhabu. Lakini ina jambo la ajabu: kokoto za West Bay ni ndogo kama njegere, na kadiri unavyokwenda Portland zinakua hadi za ukubwa wa yai na zaidi. Inasimuliwa kwamba wavuvi waliofika ufukweni usiku wa giza walijua wako wapi kwa kuzipapasa. Pa kuitazamia ni Abbotsbury, juu ya kile kilima chenye kanisa dogo la Mtakatifu Catherine. Chini yake kuna bwawa la mabata maji weupe lililoanzishwa na watawa wa kale, waliowafuga kwa ajili ya kitoweo. Mwishoni mwa Mei vifaranga huwa vinaanguliwa, unapita katikati ya viota. Hapo ndipo pa kumalizia siku ya tatu, wote pamoja, bila kilima cha pili.

Mavazi: viatu vyenye soli ya meno, si raba za mjini, maana chaki ikilowa huteleza kama sabuni iliyosahauliwa bafuni. Koti la mvua hata kama mbingu ni safi. Suruali ndefu kwenye majani marefu, kuna kupe, na jioni mkaguane. Jua wakati huo huzama kama saa tatu usiku, kwa hiyo hamna haja ya kukimbizana. Chai nitaifunga kwenye chupa, chapati atapika mama yako; ameshasema mavyaako asibebe chochote.

Nitajie tarehe kamili, hasa Jumamosi ipi, ili nitazame ratiba ya mizinga ya Tyneham na jedwali la maji ya Lyme. Siku ya Charmouth tutaipanga kufuata kupwa. Nyingine zote zitapangwa baada ya hiyo.

Wasalaam,
Baba yako