Kwa nini miche ya mikoko imekufa yote
Umeuliza kama ilikosa matunzo. Hapana, ilikosewa mahali. Ukanda wa mbele, upande wa bahari, unaopigwa na mawimbi ni wa mlilana (aina nyingine ya miti ya mikoko, Sonneratia). Mkoko wenyewe (Rhizophora) ukiupanda huko huzama muda mrefu mno na mchanga huufukia. Kabla ya kurudia, tembea maji yakitoka utafute miche iliyoota yenyewe, kisha panda kwenye usawa uleule, usisogee mbele baharini. Kama hakuna hata mmoja, kagua mkondo wa maji: mara nyingi umezibwa na tuta la barabara au bwawa la chumvi. Ukizibuliwa, mbegu huletwa na maji bure. Mbegu ya mkoko chomeka theluthi tu ya urefu wake, ncha iliyochongoka chini (watu huigeuza!). Yenye tundu la mdudu, tupa.