Kwa nini mashabiki wa Chaosium hawavitupi vitabu vyao vya zamani

Ndugu uliyeanzisha uzi huu umeuliza Chaosium ina nini hasa, hata watu walioanza kununua vitabu vyake miongo kadhaa iliyopita waendelee kuvinunua na kuitetea, ilhali wapo wachapishaji wengine wa michezo ya kuigiza mezani (ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wake na mwendeshaji mmoja husimulia kisa) walio wakubwa zaidi na wanaojitangaza zaidi. Nimeendesha michezo yake kwa miaka mingi, hasa ule wa kutisha uitwao Call of Cthulhu, na kwa maoni yangu jibu ni kwamba toleo jipya linapotoka, kitabu nilichokwisha kukilipia hakigeuki kuwa makaratasi tu. Mengi mengine tunayoyasifu yanatokana na hilo.

Kwa wasioifahamu, kampuni hii ilianzishwa Marekani mwaka 1975 na Greg Stafford, aliyetaka kuchapisha mchezo wa ubaoni kuhusu Glorantha, dunia aliyoibuni mwenyewe. Mwaka 1978 ilitoa RuneQuest, mchezo wa kuigiza wa dunia hiyohiyo, na kutoka humo ukachujwa utaratibu wa asilimia uliochapishwa peke yake mwaka 1980, katika kijitabu cha kurasa 16 kilichoitwa Basic Role-Playing. Call of Cthulhu, kazi ya Sandy Petersen, ilifuata mwaka 1981 juu ya msingi huohuo. Utaratibu wenyewe hauhitaji maelezo marefu. Tuseme mhusika wako ana ustadi wa kupekua maktaba wa asilimia 45: unarusha dadu mbili za pande kumi, moja ikisomwa kama makumi na nyingine kama mamoja, na ukipata 45 au pungufu umefaulu. Mchezaji mgeni kabisa huitazama karatasi ya mhusika wake na kujua papo hapo ana nafasi kiasi gani, bila kunisubiri mimi nimfanyie hesabu.

Kinachonipendeza zaidi ni namna wahusika wanavyojifunza. Ukifaulu kutumia ustadi, unautia alama ya vema kwenye kisanduku chake. Na wakati wa kupima maendeleo ukifika, kwa kawaida kisa kinapomalizika, unarusha tena dadu zilezile, ila safari hii unatafuta namba iliyo juu ya ustadi wako. Yule wa 45 akipata 72, anarusha dadu moja ya pande kumi na kuongeza jibu lake kwenye ustadi. Kwa hiyo anayejua kidogo hupanda haraka na bingwa hupanda kwa shida, jambo ambalo kila aliyewahi kujifunza kazi yoyote analitambua. Mezani kwangu, dakika hizo za kuhakiki alama ndizo zenye kelele kuliko hata mapambano, kwa maana kila mmoja anataka kuona nani amepanda.

Sasa nirudi kwenye vitabu vya zamani. Toleo la saba la Call of Cthulhu lilibadilisha mambo kadhaa, na likubwa kwa macho ni kwamba sifa za msingi kama nguvu na akili, ambazo zamani zilikuwa kati ya 3 na 18, sasa huandikwa kwa asilimia. Ukisikia hivyo unaweza kudhani visa vyote vya awali vimepitwa na wakati. La hasha: unazidisha kwa tano. Mtu mwenye nguvu 13 katika kitabu cha miaka ya themanini ana 65 leo, na stadi zake, ambazo tangu mwanzo zilikuwa za asilimia, kwa sehemu kubwa zinabaki zilivyo. Nimewahi kuendesha kisa cha toleo la awali huku nikifanya hesabu hiyo kichwani, na wachezaji wangu wote, wenye kitabu kipya mikononi, hawakuhisi tofauti yoyote. Katika fani ambamo toleo jipya mara nyingi humaanisha kununua upya rafu nzima, huo si wema mdogo.

Jambo la pili linalotajwa sana ni lililotokea mwaka 2015. Kampuni ilikuwa imechangisha fedha mtandaoni kwa ajili ya kampeni (mfululizo mrefu wa visa vinavyoungana) ya treni ya Orient Express na baadaye kwa toleo la saba lenyewe, na gharama za zawadi zilizoahidiwa na za kusafirisha mizigo mizito zikaielemea, huku waliochangia wakisubiri. Stafford na Petersen walirejea kuinusuru, kisha watu wa Moon Design, kampuni nyingine ya uchapishaji wa michezo, wakashika usukani, na uongozi huo mpya ukabeba deni ambalo haukulisababisha, hadi vitabu vikawafikia wachangiaji. Stafford alifariki mwaka 2018, akiwa ameiona kampuni yake imesimama tena.

Yapo na mambo madogo ya biashara ambayo mashabiki huyathamini. Ukinunua kwenye tovuti yao faili la PDF, bei uliyolipa hukatwa kwenye kitabu cha karatasi ukikihitaji baadaye. Mwaka 2023, wakati fani nzima ilipokuwa katika mzozo wa leseni, yaani ruhusa za kutumia kanuni za michezo ya wengine, waliutoa utaratibu wa Basic Role-Playing chini ya leseni huria ya ORC, hivyo mtu anaweza kuutumia kuchapishia mchezo wake mwenyewe bila kuwaomba ruhusa.

Nisiwapambe mno, hata hivyo. RuneQuest ya sasa inakutaka upitie historia ya ukoo wa mhusika wako kuanzia kwa babu na bibi, na ingawa matokeo yake ni matamu, kikao kizima kinaweza kuisha kabla hujatoka mlangoni kwenda kutafuta mkasa. Vitabu vyao vikubwa vya kampeni navyo vinamtaka mwendeshaji asome kwa kalamu mkononi. Anayetaka kufungua na kuanza kucheza jioni hiyohiyo atafute visa vifupi.

Nawe kama unataka kuonja bila kutoa fedha, pakua kanuni zao fupi za Call of Cthulhu, ambazo ni za bure. Ndani yake kimo kisa cha nyumba yenye mashaka, ambacho kimekuwapo tangu boksi la mwaka 1981 na bado kinawatoa watu jasho. Kama huna kundi, tafuta Alone Against the Flames, kisa cha kucheza peke yako, ambacho kinakufundisha kumwunda mhusika na kurusha dadu kadiri unavyosoma, aya yenye namba hadi aya nyingine. Mimi wachezaji wapya huwapa hicho kwanza, wakisome kwao, ndipo niwakaribishe mezani.