Ngwini mdogo na kinyamadege: maswali yenu

Kwa nini hawa wawili hulinganishwa?

Ngwini mdogo, ndege asiyeruka, na kinyamadege (platypus), mamalia mwenye mdomo wa bata, wote wanapatikana kusini-mashariki mwa Australia, hulala mashimoni, hutaga mayai, na uzito wao haupishani sana: ngwini mdogo ana kama kilo 1, kinyamadege kilo 1 hadi 2. Ila ngwini ni wa baharini, mwenzake ni wa mito na maziwa ya maji baridi.

Kinyamadege anataga na ana mdomo wa bata. Mbona si ndege?

Mdomo unadanganya. Mwaka 1799 George Shaw, mtaalamu wa Uingereza aliyemwelezea, alishuku kuwa kuna mtu ameunganisha viungo vya wanyama tofauti. Tazama ngozi: ina nywele za tabaka mbili zinazozuia maji, si manyoya ya ndege. Halafu ananyonyesha, ingawa hana chuchu. Maziwa hutoka kwenye ngozi ya tumbo, na watoto huyanyonya hapohapo kwenye nywele. Hata mayai si sawa. Ya kinyamadege, kwa kawaida mawili, yana urefu wa milimita 17 hivi na ganda laini. Mama huyaatamia peke yake siku 10 hivi, amejikunja. Ya ngwini yana ganda gumu, na wazazi hupokezana kwa siku 35 hivi.

Nani hodari zaidi majini?

Ngwini, bila ubishi, kwa kasi na kina. Husukumwa na mabawa. Kinyamadege hupiga miguu ya mbele, ya nyuma ikiwa usukani. Lakini kwa kuwinda gizani, kinyamadege hana mpinzani. Akizama hufumba macho na kuziba masikio na pua, kisha mdomo wake laini hunasa umeme hafifu wa misuli ya mawindo. Huyaweka mashavuni na kuyasaga akiibuka, kwa kuwa akikua hana meno.

Ngwini hunywaje maji ya chumvi?

Tezi zilizo juu ya macho huchuja chumvi, ikatokea puani.

Kinyamadege ana sumu?

Dume tu, kwenye miiba ya vifundo vya miguu ya nyuma. Haijulikani kumuua mtu, lakini maumivu yake hata mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, haiyatulizi. Ikibidi kumwokoa, mshike nusu ya mwisho ya mkia, kamwe si chini ya tumbo. Mara nyingi hunaswa na mitego ya kuvulia kamba (wale wa maji baridi) iliyofunikwa juu: akishaingia hawezi kuibuka kupumua, na hufa ndani ya dakika chache. Tumia mitego iliyo wazi juu.