Saanane au tungoje Rubondo?

SWALI: Shikamoo mzee. Nafundisha darasa la tano hapa Nyakato. Wanafunzi wangu wa klabu ya mazingira wanataka siku nzima ya kuangalia ndege, na darubini tuliyonayo ni moja tu. Je, Saanane itatufaa, au tuchange kidogo kidogo hadi tufike Rubondo? – Mwalimu, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nendeni Saanane, tena msichelewe.

Rubondo naipenda sana, lakini ni hifadhi ya kilomita za mraba 457 pamoja na maji yake, kisiwa chenyewe sehemu kubwa ni msitu, na safari yake inataka kulala. Mtoto anayeanza anahitaji ndege aliyekaa peupe, si sauti ndani ya majani. Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, mnaifikia kwa boti kutoka Capri Point kabla watoto hawajachoka kuimba.

Pandeni boti ya mapema. Mkishuka, msikizunguke kisiwa mbiombio; tafuteni jiwe lenye kivuli linalotazama maji, mkae. Hapo darubini moja inatosha, kila mtoto na zamu yake.

Mtafuteni mdiria mweusi kwa mweupe. Nikimwona huyu naacha kila kitu. Husimama hewani, mabawa yakienda kasi, kichwa kimetulia tuli kikitazama chini, mara anajitupa majini. Kwa kuwa hahitaji tawi la kukalia, huweza kuvua mbali na ufuko, dagaa wetu hawahawa. Akipata samaki mkubwa kidogo, hurudi jiweni akampigize kwanza. Hapo ndipo mtoto mwenye darubini atazame kifuani: mikanda miwili myeusi ni dume, mmoja, uliokatika katikati, ni jike. Waache wabishane, wahesabu tena.

Mnandi, yule ndege mzamiaji, naye mtamkuta amekunjua mabawa juani. Manyoya yake hulowa maji, hilo humsaidia kuzama, ila akitoka lazima ayakaushe. Furukombe, tai mla samaki, mtamsikia kabla ya kumwona.

Vyakula vifungwe, pimbi wa pale hawana haya. Na tafadhali, mtoto asishuke ukingoni mwa maji. Ziwa hili lina mamba.

Nendeni ofisi ya hifadhi siku kadhaa kabla, mkiwa na barua ya shule, mwulize viingilio vya wanafunzi na mwombe mwongoza wageni anayewajua ndege.