Kabla ya kusema hupendi Chardonnay

Wengi wanaosema hawaipendi Chardonnay, mvinyo mweupe wa zabibu za jina hilo, walionja chupa za aina moja tu, zile nzito za rangi ya dhahabu, zinazonukia siagi na vanila. Zabibu hii yenyewe ni pole, haina harufu ya kujitangaza. Shamba na fundi wa mvinyo ndio wanaoijaza maneno.

Chablis, kaskazini mwa Burgundy huko Ufaransa, kuna baridi kiasi kwamba jalidi ya Aprili huweza kuunguza machipukizi. Zabibu huiva polepole na ukali wake haupotei, ndiyo maana mvinyo wake unakumbusha ndimu na tufaha bichi, na kilevi chake mara nyingi ni asilimia 12 hadi 13. Penye joto sukari hupanda mbio huku asidi ikishuka. Hapo utaonja nanasi na embe, na kilevi kinaweza kupita 14. Afrika Kusini ina hali zote mbili: Elgin na bonde la Hemel-en-Aarde hupozwa na hewa ya bahari, Robertson iko bara na ina joto zaidi.

Siagi, hata hivyo, haitoki shambani. Hamira ikishamaliza sukari, bakteria hugeuza asidi ya maliki, ile kali ya tufaha bichi, kuwa asidi ya laktiki, iliyo laini kama ya maziwa. Katika kazi hiyo huzaliwa diasetili, na hiyo ndiyo harufu ya siagi. Kwa zabibu za baridi ni dawa. Kwa zabibu za joto zilizochelewa kuvunwa ni hasara, kwani asidi ilikuwa chache tangu mwanzo, na mvinyo unapwaya mdomoni kama juisi iliyosahauliwa mezani. Fundi makini huvuna usiku au alfajiri, kisha huzuia bakteria hao kwa kupoza tangi na kutia salfa.

Vanila na moshi hutoka kwenye pipa la mwaloni. Burgundy hutumia la lita 228. Likiwa jipya hutoa ladha nyingi, na baada ya misimu mitatu minne hutoa kidogo sana. Mwaloni wa Marekani huacha harufu inayokaribia nazi. Chupa ya bei rahisi yenye vanila nyingi huenda haijaona pipa kabisa: vipande vya mbao hutumbukizwa ndani ya tangi la chuma.

Dukani, soma lebo. “Unwooded” maana yake haikupita kwenye mbao. Inywe na samaki wa kukaanga na ndimu. Ya pipa ipelekee samaki wa kupaka, ila pilipili iwe kidogo, maana kilevi kingi huzidisha mwasho.

Halafu kuna friji, inayoharibu chupa nyingi nzuri. Kwenye nyuzi 4 harufu hulala na mwaloni hubaki uchungu mtupu. Isiyo ya pipa inapendeza kwenye nyuzi 8 hadi 10, ya pipa 11 hadi 13. Itoe dakika 20 kabla ya kumimina; kwa joto la Mombasa, 10 zinatosha.